Kidungusi cha Chande

1

Siwatu alibisha mlango wa Chande saa moja na robo asubuhi, mkobani ana onyo la tatu lililokwisha kupigwa muhuri, na kusema kweli alikuwa na hamu ya kulikabidhi. Katika nyumba mia mbili na kumi na nne za Bombatatu hakuna iliyomtia aibu kama hii. Kila nyumba ilipewa kidungusi kimoja, kiduara kama chungwa, chenye miba myeupe mgongo mzima, na kila nyumba ilikuwa nacho dirishani, kinono, kimenawiri. Kwa Chande ukaguzi wa kwanza alikikuta nyuma ya redio mbovu. Wa pili alikikuta kimeegemezwa dirishani ili lisijifunge kwa upepo.

"Karibu, Bi Mkaguzi," Chande alisema huku anafunga kifungo cha shati. Alikuwa fundi wa kuchomelea mabomba, mseja wa miaka arobaini na kitu, na nyumba yake ilinuka chuma na soksi. "Umekuja kunifunga?"

"Nimekuja kuangalia kama una haya. Kidungusi kiko wapi?"

"Kipo. Kitakwenda wapi, kina miguu?"

Akavuta pazia. Siwatu alikuwa amekwisha fungua kinywa kumkaripia. Kinywa kikabaki wazi.

Kidungusi kilikuwa kimesinyaa kama ndimu iliyosahauliwa kabatini, lakini si hilo lililomfunga ulimi. Miba yote, kuanzia shinani hadi nchani, ilikuwa myekundu. Si wekundu wa kutu wala wa vumbi. Wekundu wa pilipili mbivu.

"Umekipaka nini?" aliuliza.

"Nikipake nini mimi? Uso wangu mwenyewe sipaki mafuta."

"Chande, sina mzaha."

"Wala mimi! Ndiyo kwanza nakiona."

"Kimegeuka lini? Leo? Jana?"

Chande akakuna kidevu. "Sijui. Sikukiangalia. Kijitabu si kimeandika kisahauliwe? Nimekisahau."

Hapo alikuwa amesema kweli nusu. Sharti la kwanza la kijitabu lilisema hivi: *Kisahau kwa maji, usikisahau kwa macho.* Vijiko viwili vya maji kwa mwezi, na kipupwe usikipe hata tone. Lakini kila alfajiri ukitazame, kabla hujanawa uso.

Maana Bombatatu ilikaa juu ya kaburi, ukitaka kusema bila kupamba. Visima vya mvuke vilivyowasha taa za miji ya mbali vilichimbwa juu ya ardhi yenye hewa nzito, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayotambaa chini kama maji yatafutayo bonde. Ikikuta moto, huuzima; ikikukuta umelala, huamki. Mwanzoni zililetwa mashine za kuipima, zikaliwa na mvuke wa kiberiti mwezi wa kwanza, waya zikabaki unga. Ndipo wataalamu wakaja na vidungusi. Mmea huu hupumua usiku wakati mimea mingine imefunga. Wakaupandikizia ndani kiini kidogo kama punje ya mchele, kiini kikavu, chenye kiu. Kikionja hewa nzito hata chembe, miba hugeuka. Kisha kuna saa mbili, zikizidi sana nne, kabla hewa haijajaa.

Siwatu akachuchumaa. Akawasha njiti ya kiberiti, akaishusha hadi sakafuni, akaishikilia hapo. Njiti ikawaka vizuri mpaka ikamuunguza kidole.

"Inawaka," Chande alisema.

"Inawaka," Siwatu akajibu.

"Kichwa kinaniuma tangu nimeamka," Chande akaongeza. "Lakini mimi kichwa huniuma kila Jumatatu, usinisikilize."

2

Mji ule ulijengwa kwa matuta matatu mlimani, moja juu ya jingine. Tuta la Kwanza, alipokaa Chande, ndilo la chini kabisa, na kama hewa nzito ingekuja ingeanza hapo. Siwatu akaingia nyumba ya pili, ya tatu, ya nne, bila hata kungoja kukaribishwa. Miba myeupe. Myeupe. Myeupe. Alipofika nyumba ya ishirini jasho lilikuwa linamchuruzika mgongoni, na vidungusi vyote vilimtazama kwa unene wao na miba yao myeupe kama ya siku ya kwanza.

Akatoa simu ya upepo, akaita ofisi ya mvuke iliyokuwa ng'ambo ya bonde.

"Kimoja?" mkubwa wake alisema. Sauti ilikuwa na chai mdomoni. "Kimoja tu? Cha nani?"

"Cha Chande, fundi."

"Yule mchafu? Ah, Siwatu nawe. Kibadilishe. Sheria unaijua."

Aliijua mno. Vidungusi kumi, tena vya matuta mawili, ndipo king'ora kilie. Sheria hiyo iliandikwa baada ya Mwinjuma. Miaka mitatu nyuma Mwinjuma ndiye alikuwa mkaguzi na Siwatu msaidizi wake. Mwinjuma aliona vitatu vyekundu, akapiga king'ora, na watu wakakimbilia Ngazi Ndefu, ile ipandayo hadi kileleni penye mnara wa king'ora, wote kwa mara moja. Kumi na mmoja walikufa pale kwenye ngazi kwa kukanyagwa. Hewa haikuja. Si siku ile wala mwezi ule. Mwinjuma akahukumiwa miaka saba, na mkewe akahama na watoto kwa sababu hakuna aliyetaka kumuuzia hata chumvi.

Siwatu ndiye aliyewafunika wale kumi na mmoja. Mmoja alikuwa bado ana kijiko mkononi.

Akamshukuru Mungu kimoyomoyo kwa ajili ya sheria. Kimoja, kibadilishe, basi. Moyo ulikuwa unaanza kurudi mahali pake alipofika kwa Mzee Ngwali, nyumba ya ishirini na moja.

Mzee Ngwali alikuwa amekaa barazani, mguu wake mbovu ameunyoosha juu ya kigoda. Mguu huo ulivunjikia Ngazi Ndefu siku ya Mwinjuma. Juu ya mlango wake vilitundikwa vyeti viwili ndani ya vioo: Kidungusi Bora cha Mji, mwaka jana na mwaka juzi. Sahihi ya Siwatu ilikuwa chini ya kila kimoja, kwa wino wa buluu.

"Mwaka huu nachukua cha tatu," mzee alisema. "Ingia ukione kinavyopumua, mkaguzi. Kinene kama bwana harusi."

Ndani, mkewe Bi Mize alikuwa ndiyo kwanza anamaliza kutia udhu kwa sala ya dhuha. Alijifuta mikono, kisha akafanya jambo ambalo Siwatu alikuwa amemwona analifanya mara nyingi, yeye na wanawake wengi wa mji ule, bila kulitilia maanani. Alichukua birika, na maji yaliyobaki akayamwaga taratibu kwenye kopo la kidungusi. Maji ya udhu hayamwagwi ovyo, hayo kila mtu amefundwa. Humwagwa penye mmea.

"Bi Mize," Siwatu alisema, "hayo unakipa kila siku?"

"Asubuhi mimi, jioni mzee. Kiumbe akikaa kwako hanyimwi maji, mwanangu." Akatikisa birika tupu. "Haya, yamekwisha. Nikimaliza kuswali nashuka bombani, nyie ongeeni."

Siwatu akakishika kidungusi. Kilikuwa laini, kimejaa, baridi kama shavu la mtu aliyetoka kuoga. Kisahani cha chini kilikuwa na maji. Lo! Kisahani hicho alikiona mwaka jana, na mwaka juzi. Alikiona nyumba hii na ile na ile. Fomu yake ilikuwa na sehemu ya rangi, sehemu ya ukubwa, sehemu ya afya. Sehemu ya kisahani haikuwamo, naye hakuuliza.

Na mashindano yalikuwa yake. Baada ya Mwinjuma watu walikuwa wanavitupa vidungusi shimoni kwa chuki, wengine wanavikojolea. Siwatu akabuni vyeti ili wavipende tena. Wakavipenda, masikini. Wakavipenda kwa birika.

*Kiini kikavu, chenye kiu.*

Akatoka bila kuaga. Nyuma yake Mzee Ngwali alikuwa anauliza, "Kumi juu ya kumi, siyo? Mkaguzi! Siyo?"

3

Nyumba ya Siwatu ilikuwa Tuta la Tatu, karibu na ngazi. Mumewe, Shebe, alikuwa zamu ya wiki mbili huko visima vya kaskazini, kwa hiyo nyumbani alibaki na mkwewe, Bi Mgeni, mama yake Shebe. Alimkuta jikoni anachochea kuni. Umeme wote wa Bombatatu ulikwenda mijini kuwashia watu majokofu, wenyewe wa Bombatatu walipika kwa kuni.

"Mbona unahema hivyo?" Bi Mgeni aliuliza. "Umefukuzwa na mbwa?"

"Mama, kisu kiko wapi?"

"Kisu cha nini asubuhi hii?"

Siwatu hakujibu. Alikwenda dirishani akachukua kidungusi cha nyumba yao. Bi Mgeni alikuwa amekilea tangu kilipokuwa kama ndimu. Alikisalimu asubuhi, alikifunika kitambaa mchanga ukivuma, na mwaka juzi kilichukua nafasi ya pili nyuma ya Ngwali, jambo ambalo bibi hajalisamehe mpaka leo. Siwatu akakiweka juu ya kibao cha kukatia vitunguu, akakigawa kati.

Maji yakamwagika mezani. Ndani palikuwa peupe, pamelowa kama mkate uliodondokea kwenye chai, na katikati, palipotakiwa kuwa na punje nyeupe ngumu, palikuwa na doa jeusi. Aliligusa kwa ncha ya kisu, likapondeka. Lilinuka.

Kwa hiyo hapakuwa na vidungusi mia mbili na kumi na tatu vilivyosema salama. Vilikuwa vimekufa masikio zamani. Katika mji mzima kilichobaki kinasikia ni kimoja, na kilikuwa kinapiga kelele.

Hofu ikamshika Siwatu pale meza ya jikoni, hofu ya kweli. Akiacha, watu elfu moja watakunywa chai yao na kulala mchana. Akipiga king'ora na Chande akawa amekipaka rangi, au kimeugua tu kwa uchafu wake, basi kuna Ngazi Ndefu, kuna vijiko mikononi, kuna miaka saba. Na hata akiwa amesema kweli, swali litakuja: kwa nini kimoja? Jibu la swali hilo lilikuwa na sahihi yake kwa wino wa buluu.

"Umekichinja," Bi Mgeni alisema.

Siwatu aligeuka. Bibi alikuwa amesimama na mwiko, macho yamemjaa.

"Mama, nisikilize. Hewa inakuja. Vaa viatu, panda juu mnarani sasa hivi, usingoje watu."

"Umekichinja kiumbe changu kwa kisu cha vitunguu."

"Kilikuwa kimeoza ndani, mama! Maji ndiyo yamekiozesha. Tazama!"

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyekiozesha." Bi Mgeni akaweka mwiko chini polepole sana. "Si uliniandikia cheti wewe? Si ulinipa mkono mbele ya watu? Leo nimekuwa mwozeshaji."

"Sikusema hivyo. Mama, tafadhali, twende."

"Nenda wewe. Nenda kawaokoe wenye vyeti vya kwanza. Mimi nina maharage yangu motoni."

Akajitanda khanga, akakaa kwenye kigoda, akageukia ukuta. Siwatu alimjua mkwewe akisusa. Siku ya harusi alisusa kwa sababu ya kuku, na kuku huyo alisimuliwa mwaka mzima. Kumbembeleza Bi Mgeni hakuhitaji maneno, kulihitaji nusu siku.

Alimshika mkono amvute. Bibi akajifanya mzito, wallahi, mzito kama gunia la mchele lililolowa. Saa ya ukutani ilikuwa saa mbili kasoro dakika tano. Kama miba iligeuka alfajiri, wana muda. Kama iligeuka usiku wa manane Chande akiwa anakoroma, hawana.

"Mama, nikikuacha hapa Shebe nitamwambia nini?"

Mgongo tu.

Siwatu akamwachia mkono. Alitoka analia kwa sauti kama mtoto, bila kujali nani anamwona, akaanza kupanda kwenda mnarani.

4

Mkono wa king'ora ulifungwa kwa waya na muhuri wa risasi tangu siku ya Mwinjuma. Siwatu aliukata waya kwa kisu kile kile cha vitunguu.

Kabla hajauvuta alichukua kipaza sauti. Hilo alilipanga njiani, hatua kwa hatua, ili asifikirie mgongo wa mkwewe.

"Watu wa Bombatatu, mimi Siwatu mkaguzi. King'ora kitalia. Tuta la Kwanza ndio mnatoka kwanza. Tuta la Pili mnasimama milangoni kwenu mpaka fundi Chande awaite. Tuta la Tatu ndio mwisho. Watoto mgongoni. Hakuna kukimbia. Anayekimbia namjua kwa jina, na jina lake nitalitaja hapa hapa na mama yake asikie."

Ndipo akavuta.

Mlio ule hakuwa ameusikia kwa miaka mitatu na mwili ulikuwa haujausahau. Meno yalimgongana. Chini, milango ilifunguka, watu wakatoka, wakasimama wakitazamana, na kwa muda mrefu wa kutisha hakuna aliyesogea. Kisha akamwona Chande, aliyesikia jina lake kipazani, kwenye ngazi ya kwanza kabisa, kidungusi chake kimefungwa kifuani kwa mkanda, mkononi ana kipande cha bomba. Akawa anagonga nguzo ya chuma, ko, ko, ko, polepole kama mtu anayetwanga, na watu wakaanza kupanda kwa mapigo hayo.

Simu ya upepo ikaanza kupiga kelele mkobani. Hakuipokea.

Walipanda watu elfu moja kwa Ngazi Ndefu na hakuna aliyeanguka. Huo peke yake ulikuwa muujiza, lakini waliofika juu hawakuuona hivyo. Waliona uwanja wa mnara, jua linaanza kuchoma, na mkaguzi mwenye macho mekundu.

"Vingapi vimegeuka?" mtu mmoja aliuliza.

"Kimoja," Siwatu akasema.

Mnong'ono ukazunguka kama nyuki. Kimoja? Cha nani? Cha Chande! Ebo! Mimi nimeacha uji motoni kwa ajili ya Chande? Wengine walicheka, na kicheko chenyewe hakikuwa kizuri. Dakika kumi zilipita. Ishirini. Chande akafika wa mwisho, shati limemganda mwilini, akamsogelea Siwatu karibu sana.

"Mzee Ngwali kanifungia mlango," alisema kwa sauti ya chini. "Nilitaka nimbebe, akanipiga kwa bakora. Anasema mguu uliovunjika mara ya kwanza unamtosha. Amenionyesha cheti dirishani."

"Na Bi Mize?"

"Yuko hapa. Alikuwa foleni ya bomba, umati umekuja naye."

"Na mama?"

Chande akatazama viatu vyake. "Nimebisha. Kaniambia niondoe miguu yangu michafu barazani kwake."

Dakika ya arobaini watu wakaanza kusogea kwenye ngazi. Mzee mmoja alisema kwa sauti kwamba Mwinjuma walau alikuwa na vitatu. Siwatu alisimama mbele yao amenyoosha mikono, na hakuwa na neno lolote la kuwaambia isipokuwa ngojeni, ngojeni kidogo, nawaombeni. Alijiona amekwisha. Katika hofu yake, Mungu amsamehe, kulikuwa na dakika moja aliyotamani hewa ije.

Ikaja.

Aliyeiona kwanza ni msichana aliyekaa begani kwa baba yake. "Baba," alisema, "jiko la kwetu limezimika."

Walitazama chini wote. Kila nyumba ilikuwa imeachwa na moto, wengine chai, wengine uji, na moshi ulipanda kutoka matuta matatu, nyuzi mia mbili za kijivu, asubuhi ya kawaida. Kwenye Tuta la Kwanza, upande wa kushoto, moshi wa nyumba moja ulikatika. Ukapanda ukaisha, chini yake hapakuja mwingine. Kisha wa jirani yake. Kisha wa tatu. Hakuna kilichoonekana, hakuna kilichosikika, hata majani hayakutikisika. Moshi ulikuwa unakatika nyumba hadi nyumba kama mtu asiyeonekana anapita anazima.

Baba akamshusha msichana, akamkumbatia kifuani.

Nyumba ya ishirini na moja ilizimika. Siwatu alisikia Bi Mize anasema jina la mumewe, mara moja tu, kama anamwita aje kula.

Tuta la Kwanza likaisha. Kisha kwenye Tuta la Pili, moja. Siwatu hakutazama tena la Pili. Macho yake yalikuwa la Tatu, kwenye moshi wa kuni za Bi Mgeni, mnene, wa maharage, unapanda umenyooka. Alianza kuteremka ngazi, Chande akamkamata kiunoni. Akamuuma mkono, Chande hakumwachia.

"Ukishuka mtakuwa wawili," Chande alisema. "Wawili, dada. Hesabu hiyo hata mimi naijua."

Tuta la Pili lilikuwa bado linazimika katikati wakati moshi wa Bi Mgeni ulipokatika.

Siwatu akakaa chini. Hakuanguka, alikaa tu, kwenye mawe, miguu mbele, kama mtoto.

5

Ilichukua muda kabla akili yake haijauliza kitu kidogo: kwa nini la Tatu limezimika wakati la Pili bado? Hewa haipandi kabla haijajaza chini. Akili iliuliza, moyo haukuthubutu kujibu.

Kwenye kona ya mwisho ya ngazi akatokea mwanamke mzee, khanga kaifunga kiunoni, mkononi ana birika.

"Nimezima moto kwanza," Bi Mgeni alisema alipofika, anahema, anamtazama kila mtu ila mkwewe. "Nyumba haiachwi na moto unawaka, mnataka kuunguza mji? Nimechungulia dirishani nikaona majiko ya chini yanazimika pasipo mtu. Hilo si la vyeti." Kisha akamgeukia Siwatu. "Bado sijakusamehe."

"Usinisamehe, mama," Siwatu alisema, akiishika miguu yake. "Usinisamehe hata kidogo."

Hapo ndipo watu walipopata sauti. Walilia, walikumbatiana, mtu akaanza takbiri, wengine wakaimba sifa za Yesu, na mikono ikaja juu ya mabega ya Siwatu kutoka pande zote. Umetuokoa, mwanangu. Mungu akulipe. Yule mzee aliyemtaja Mwinjuma alikuja akampigia magoti. Simu ya upepo ikapiga tena, na safari hii aliipokea, akajitenga hatua tatu.

"Tumeona kwa darubini," mkubwa wake alisema. Chai ilikuwa imemtoka mdomoni. "Siwatu, sikiliza vizuri. Watauliza kwa nini vingine havikugeuka. Waambie ni ukungu. Ugonjwa wa mimea, umevishambulia vyote. Wiki ijayo naleta vipya, mia mbili na kumi na nne. Umekuwa shujaa leo, usijiharibie."

Ilikuwa rahisi kiasi hicho. Ukungu. Nani angebisha? Angeshuka ngazi ameshikwa mkono, na sahihi zake zote zingeoza pamoja na vidungusi.

Na wiki ijayo vipya vingepangwa madirishani, na asubuhi ya kwanza kila mama angemaliza udhu, achukue birika.

Alipogeuka, Bi Mize alikuwa amesimama nyuma yake. Ndoo ya maji ilikuwa bado kichwani, maana hakuna aliyekumbuka kumtua. Watu wakampisha.

"Mkaguzi," Bi Mize alisema. Hakuwa analia. "Cha kwetu kilikuwa na vyeti viwili. Mzee alikiamini. Kwa nini hakikusema?"

Siwatu aliizima simu. Hofu ya sasa ilikuwa kubwa kuliko ya mnarani, kwa sababu mnarani hawakuwa wanamtazama machoni.

"Kilikuwa kimekufa ndani, Bi Mize. Vyote vilikuwa vimekufa, vya mji mzima. Maji ndiyo yaliyoviua. Cha Chande kilipona kwa sababu alikinyima."

Bi Mize alifikiri. Midomo yake ilisogea kidogo, kama anayehesabu asubuhi.

"Mimi ndiye niliyekuwa nakimwagia," alisema.

"Nilikuona," Siwatu akasema, kwa sauti ya kutosha wote wasikie. "Miaka miwili nakuona, na kisahani nakiona, na kijitabu nakijua kwa moyo. Nikakuandikia kumi juu ya kumi."

Waliokuwa wamemshika mabega wakarudi nyuma mmoja mmoja. Bi Mgeni peke yake ndiye aliyekwenda mbele, akaweka birika chini, akamtua Bi Mize ndoo.